Mikwaruzo

Mtu wa Unguja akipelekwa Mbeya kikazi, mwenyeji wa kwanza kumpokea ni baridi. Mimi ilinipokea mwezi wa Juni 2006, nikiwa na sweta moja na redio moja ndogo ya betri. Sweta haikunifaa kitu. Redio ilinifaa nusu.

Kila jioni, mlima Loleza ukishajifunika ukungu, niliitafuta Sauti ya Tanzania Zanzibar katika masafa mafupi, kilohezi 11735. Wajuao mambo hayo husema kwamba mawimbi yake hupanda hadi tabaka za juu za anga, yakarudishwa chini mbali na yalikotoka. Ndiyo maana sauti ilikuwa ikijaa na kupwa mfano wa maji ya pwani. Taarabu ilianza vizuri, fidla zikaitikiana, mara mikwaruzo ikameza ubeti mzima. Maji yakijaa tena, mwimbaji alikuwa keshafika kwenye kiitikio.

Sikulalamika sana, kwani nilifunzwa kusikiliza hivyo. Mwalimu wangu wa ushairi, mzee wa mtaani kwetu, alikuwa akituketisha barazani, kila mmoja na daftari lake, tunakili mashairi yanayosomwa redioni. Neno likipotea, hakuturuhusu kuacha pengo. “Hesabuni mizani,” alisema. “Kipande kina nane. Umesikia tano, basi zimebaki tatu. Tazama kina cha ubeti, kisha jiulize: huyu alitaka kunena nini?” Nasi tukahesabu kwa vidole mpaka neno likapatikana. Pengine tulilipata lililo zuri kuliko la mtunzi mwenyewe, naye alicheka akatuamuru tuliandike kwa penseli, tusije tukamdhulumu mwenye shairi. Nilipokuwa Mbeya, kila nilipoziba pengo la wimbo, nilihisi nimeketi naye.

Mwaka 2012 nikahamishiwa Iringa. Miaka mitatu kabla yake, mwezi wa Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam kwa njia ya chini ya bahari, na baadaye Mkongo wa Taifa ukaendelezwa bara. Nikanunua kompyuta na spika mbili, nikaunganisha intaneti nyumbani. Nilifurahi kufikiri kwamba sauti ya kwetu sasa hupita baharini kabla ya kunipandia huku milimani, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500.

Usiku wa kwanza nilipoipata idhaa ya nyumbani kwa kilobiti 128 kwa sekunde, sikulala. Ilikula karibu megabaiti 58 kwa kila saa, na salio langu liliyeyuka kama barafu juani, lakini sikujali. Nilizisikia nyuzi za ganuni moja moja. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Nyimbo nilizodhani nazijua ziligeuka wageni: maneno niliyoyatia mwenyewe zama za Mbeya hayakuwamo. Jirani yangu Mhehe, aliponikuta nimeinamia kompyuta, alinikumbusha lile jabali la mjini mwao, Gangilonga, maana yake jiwe linenalo. “Na wewe umepata lako,” akasema.

Lakini jiwe langu lilikuwa na ila moja. Kompyuta hukusanya kwanza akiba ya sauti ndipo iitoe, ili isikatikekatike. Nilipozungumza na dada yangu kwa simu, niliisikia redio yake ikitangulia yangu kwa nusu dakika. Ile ya zamani ilifika papo hapo imechafuka. Hii ilifika imesafika, imechelewa.

Asubuhi moja ya mwaka 2014, chai ikiwa mkononi, yakaingia matangazo ya vifo. Msomaji wa visiwani anayajua: jina la marehemu, nyumba alimofia, saa ya maziko, na habari ziwafikie jamaa na marafiki popote walipo. Jina lililosomwa lilikuwa la mwalimu wangu. Maziko saa saba mchana.

Sauti haikutetemeka wala kufifia. Kila silabi ilikaa mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu nihame Mbeya niliitamani mikwaruzo, imeze jina lile walau nusu, nami nihesabu kwa vidole, nitie jina jingine lenye mizani ile ile. Nafasi hiyo sikupewa.

Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 500, kuna mteremko wa Kitonga, kisha boti. Kwa saa saba hakukuwa na njia. Niliiacha redio wazi. Saa saba ilipotimia, idhaa ilikuwa ikipiga taarabu, safi kabisa, na mimi nikijua kwamba makaburini jeneza limeshapokewa, na kwamba hata saa hiyo niko nyuma kwa nusu dakika.

Jioni nilitoa daftari nijaribu kumtungia. Kipande cha kwanza kilitoka na mizani saba. Nimekihesabu mara nyingi tangu siku ile. Wa kuijua ya nane ni yeye. Nimeiachia nafasi yake, kwa penseli.