Vumbi la Kibondo, Baridi ya Kasulu

Anayeijua Kibondo atashangaa kusikia kwamba tuliwahi kuhangaika huko kwa ajili ya kiyoyozi. Mji umekaa kwenye miinuko, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa saba mtu hutoka kuswali Alfajiri akiwa amejifunika shuka juu ya kanzu. Joto si adui wa nchi ya Waha. Adui wa kiangazi ni vumbi, lile jekundu linaloingia kwenye nyusi, kwenye chungu cha maharage na hata ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo.

Tulikuwa watu ishirini na mbili, tukimsindikiza bibi harusi wetu kutoka Kibondo kwenda kwa wakwe zake Kasulu. Nikaha ilikuwa imefungwa Ijumaa baada ya swala, na safari ilikuwa Jumamosi. Basi dogo aina ya Coaster lilikodiwa Kahama kwa sababu moja tu: lilikuwa na kiyoyozi juu ya paa. Nyanya wa bibi harusi ana pumu, naye alikwisha kutangaza kwamba hatabaki nyumbani hata kwa fimbo. Ilikuwa miaka ile ya ujenzi wa barabara ya lami ya Manyovu, Kasulu, Kibondo hadi Kabingo, takriban kilomita 260, na kila baada ya mwendo mfupi magari yaliteremshwa kwenye mchepuko wa udongo mtupu. Lori moja likipita mbele, dunia hupotea kwa dakika nzima. Basi lenye kiyoyozi huweza kufunga madirisha. Lisilo nacho huchagua kati ya vumbi na kukosa pumzi.

Tuliondoka mapema, tukasoma dua ya safari, na wanawake wakaanza nyimbo zao. Kabla hatujaufikia Mto Malagarasi, upepo uliokuwa ukitoka kwenye matundu ya dari ulikuwa umepungua na kuwa kama pumzi ya mtu aliyelala. Tulipovuka mto, ulikuwa wa vuguvugu. Mtoto wa kiti cha nyuma akalalamika kwamba anamwagiwa maji kichwani. Nyimbo zikakoma zenyewe.

Dereva akasema gesi imekwisha. Akaongeza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba imejazwa mara mbili mwezi ule ule na fundi wa mji mmoja huko alikotoka, na mara zote mbili amelipa. Tulifungua madirisha. Tulipofika Makere, karibu na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea ndugu zetu waliokimbia vita Kongo, Bibi alikuwa ameivuta dawa yake mara mbili, na sauti ya kifua chake ilisikika mpaka viti vya mbele. Bibi harusi alivua mtandio wake mpya, akaulowesha kwa maji ya chupa, akamfunika nyanya yake pua na mdomo. Hatukusema mengi tena mpaka Kasulu.

Kasulu wakwe walimpokea Bibi, wakamlaza kwenye chumba chenye hewa safi, na kwa rehema za Allah kifua kilitulia kabla ya Adhuhuri. Lakini kesho yake tulipaswa kurudi kwa barabara ile ile. Wanaume wanne tukaondoka na dereva kumtafuta fundi, tukaelekezwa kwa kijana anayetengeneza majokofu na rejeta katika kibanda cha mabati nyuma ya soko.

"Assalaamu alaykum, baba zangu. Shikamooni," alisema. Dereva alianza moja kwa moja kueleza habari ya gesi. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba ngazi.

Alifungua kifuniko cha juu ya paa, akachungulia, akacheka. "Hapa hapana tatizo la gesi. Hapa pana shamba. Mngepanda maharage yangeota."

Tulipanda kwa zamu kutazama. Chini ya feni kuna kitu mfano wa rejeta, chenye mapezi membamba ya aluminiamu yaliyopangwa kama kurasa za msahafu. Mafundi hukiita kondensa. Kazi yake ni kuitema nje ile joto iliyokusanywa ndani ya basi. Mapezi yale yalikuwa yamezibwa na udongo mwekundu, makapi na mabawa ya wadudu, yote yameshikana na mafuta. Kijana alitueleza kwamba hewa isipopita hapo, joto hukosa njia, presha ya gesi hupanda, na swichi ya usalama huizima kompresa ili isiharibike. Anayekaa ndani huona baridi imekata na kudhani gesi imekwisha. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama dizeli. Inazunguka ile ile miaka na miaka, na ikipungua maana yake pana tundu mahali. Anayejaza bila kutafuta tundu anauza kitu kilekile kila mwezi. Dereva alikaa kimya. Nadhani sote tulikuwa tukipiga hesabu ya pesa zake.

Dereva alitaka basi lipelekwe pale wanapoosha magari kwa mashine ya presha. Kijana akakataa katakata, kwa kuwa maji yenye nguvu huyalaza mapezi na kuyaziba moja kwa moja. Alianza kwa brashi laini ya rangi, akishuka na mstari wa mapezi bila kuyakata kwa upana. Kisha akamimina maji ya sabuni, akasubiri, akasuuza kwa mpira wa bustani kutoka upande wa ndani kuelekea nje, ili uchafu urudi ulikotokea. Maji yaliyoteremka kwenye kioo cha basi yalikuwa mekundu kama damu. Alirudia mara nne, na ya nne yalitoka meupe.

Baada ya hapo aliingia ndani ya basi. Vichujio vya darini, viwili, vilikuwa na unene wa blanketi. Alivifua, akavianika kivulini. Mpira unaotoa maji nje ulizibwa na kiota cha udongo cha nyigu, ndiyo sababu mtoto wetu alikuwa akiloweshwa. Akakaza nati za paa zilizolegezwa na mtikisiko, akatuonyesha raba iliyoanza kupasuka chini ya kiyoyozi, akasema ibadilishwe kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, la sivyo paa litavuja. Kwenye maungio ya mabomba akapaka povu la sabuni. Povu lilitulia kila mahali isipokuwa kwenye valvu moja isiyo na kofia, ambako vipovu vidogo viliinuka polepole. Hilo ndilo tundu lote lililokuwapo.

Alipofunga geji ilionekana kwamba gesi imezidi. Dereva akashauri aifungulie kidogo itoke. Kijana akatikisa kichwa. Alisema gesi ile, R-134a, tani yake moja ikiachiwa hewani hupasha dunia joto sawa na tani zaidi ya elfu moja za hewa ya ukaa. Akanyoosha kidole upande wa milima ya Burundi: huko mbele, Kigali, ndiko mataifa yalikokubaliana Oktoba 2016 kupunguza gesi za aina hiyo, nyongeza ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Kisha akaivuta ile ya ziada kwenye mtungi mtupu, kwa kompresa aliyoitoa kwenye jokofu kuukuu. Hatukutarajia kusikia habari za Montreal ndani ya kibanda kile, na tunakiri tuliona haya kidogo kwa kutotarajia.

Injini ilipowashwa, ubaridi ulishuka vidoleni. Chini ya basi matone yakaanza kudondoka, na mtoto yule yule akakinga kopo, akamuuliza sheikh wetu kama yanafaa kutawadhia. Sheikh alimjibu kwamba ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, kama umande, nayo ni safi kwa udhu maadamu hayajachanganyika na najisi. Kuyanywa, akamwambia, ni jambo jingine, maana yamepita kwenye vumbi la watu ishirini na mbili.

Kabla ya kuagana kijana alitupa maneno ya barabarani. Kwenye vumbi zungusha hewa ya ndani, usivute ya nje. Palipo safi fungua madirisha kwa muda, kwa kuwa abiria nao wanahitaji hewa mpya. Hata wakati wa baridi kiwashe kiyoyozi dakika kumi kila wiki, ili mafuta yazunguke na raba za kompresa zisikauke. Dereva aliposema kwamba kesho Bibi apumzike ndani ya basi lililosimama huku injini ikinguruma, kijana aliacha kufunga vifaa vyake. "Hapana, kaka. Moshi wa injini una sumu isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia ndani, mtu hulala asiamke. Bibi apumzike chini ya mwembe."

Jumapili tulirudi Kibondo madirisha yakiwa yamefungwa. Malori yalipita, dunia ikapotea nje ya vioo, na Bibi alilala kuanzia Makere mpaka ng'ambo ya Malagarasi, dawa yake ikiwa mkobani. Tulipopanda miinuko ya Kibondo jua linazama, aliamka akaomba kile kiyoyozi kizimwe kwa kuwa anaona baridi, na apewe shuka.

Baada ya Alfajiri tulimkuta dereva juu ya paa na brashi ya rangi aliyoinunua Kasulu. Mapezi yalikwisha kuwa mekundu tena.