Steki ya Saa Saba

Baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo kwenye Reli ya Kati, na kwa miaka mingi mzigo wake mkubwa ulikuwa ng'ombe. Walipakiwa Shinyanga, Tabora au Dodoma, naye akakaa behewa la mwisho na taa yake na bendera zake mbili, nyekundu na kijani, mpaka Dar es Salaam. Kutoka Tabora peke yake ni zaidi ya kilomita 800. Alijua ng'ombe wanavyolia treni ikikwama stesheni, na alijua joto la behewa lililokaa juani. Asichokijua ni steki ya hotelini, ile aliyosikia wakubwa wa kazini wakiisifu.

Jumapili moja ya mwaka 1983 akatuchukua mama, kaka yangu na mimi niliyekuwa na miaka 12, tukaenda kula steki hoteli ya ufukweni, kaskazini ya Dar es Salaam. Jina lake siliandiki. Waliofanya kazi pale walikuwa watu kama sisi, wamebanwa na shida ile ile.

Aliyeuishi mwaka ule hahitaji kuelezwa. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita na mkanda haukulegea. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilikuwa vya foleni. Ugali wetu ulikuwa wa unga wa yanga, ule wa njano. Redioni ilikuwa ni Waziri Mkuu Sokoine na wahujumu uchumi, asubuhi na jioni. Katika hali hiyo baba aliweka akiba miezi mitano kwa ajili ya chakula cha mchana mmoja. Gari, Peugeot 404, aliazima kwa jirani yetu mwalimu. Na Jumapili magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana, amri ya serikali ya kubana mafuta. Saa nane ikikukuta njiani, una kesi na polisi, tena kwa gari la watu.

Tulifika saa sita kasoro. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, na chini yetu, hatua thelathini hivi, bahari ilikuwa imetulia. Mhudumu, kijana mwenye shati lililopauka lakini limepigwa pasi hadi mikunjo inaonekana, alileta orodha ya vyakula iliyopigwa taipu. Zaidi ya nusu ya majina yalikuwa yamekatwa kwa kalamu. Steki ilibaki.

"Shikamoo mzee," alisema, kisha akainama na kushusha sauti. "Leo ningewashauri mle samaki. Changu wamepanda sasa hivi, bado wanarukaruka."

"Marahaba mwanangu. Samaki tunakula nyumbani. Leo nimewaletea steki."

Kijana alinyamaza, akamtazama mama. Mama alitazama bahari. Kwao ni Bagamoyo. Alijua kijana anasema nini. Lakini hakuwa mwanamke wa kumpinga mumewe mbele ya watu siku ambayo mume mwenyewe ameipanga kwa miezi mitano.

Tukangoja. Ilipofika saa sita na nusu mama aliinuka, akashuka mchangani ambako ngalawa mbili zilikuwa zimevutwa, akapatana bei na wavuvi. Alirudi na mtungo wa changu, akaufunga ndani ya khanga na kuuweka chini ya kiti. Baba aliona, hakusema neno.

Steki zilikuja saa saba. Nisingependa kuzidisha, kwa hiyo nasema nilichokiona: vipande vinne vyembamba, vyeusi, vimekunjamana ukingoni, na pembeni chipsi chache na nyanya nusu. Kisu cha mezani kilipita juu ya nyama bila kuacha alama. Kaka alitafuna kipande kimoja mpaka machozi yakamlenga, akakitoa kwa adabu na kukificha mkononi. Mama aliuliza kwa upole kama jikoni hawakupata papai bichi la kuipaka sarara kabla ya kuikaanga, kama wanavyofanya kwao, pamoja na tangawizi. Mhudumu alisema nyama imeingia asubuhi ile ile, imechinjwa alfajiri, na umeme wa jokofu ulikatika tangu Ijumaa.

Baba aliibonyeza nyama kwa kidole, akaifungua kwa uma, akaitazama rangi yake kwa muda.

"Huyu alichoka," alisema.

Nilikuja kuelewa baadaye sana jinsi alivyosema kweli. Mnyama akichinjwa na uchovu wa safari, bila maji wala mapumziko, misuli yake inakuwa imemaliza akiba ya sukari. Uchachu unaotakiwa kujijenga ndani ya nyama haujijengi, nayo inabaki nyeusi na kavu. Ng'ombe wetu wa asili, wenye nundu, ni wanyama wa kutembea. Misuli yao imekaza. Nyama yao ikitundikwa kwenye baridi siku kadhaa hulainika. Ikichinjwa alfajiri na kuingia kikaangoni adhuhuri, hakuna mpishi wa kuiokoa. Ndiyo maana leo simlaumu mpishi.

Baba alitoa mfukoni kisu chake cha kazini, akaivuta sahani ya mama kwanza. Aliikata nyama kwa kukingamisha nyuzi, vipande vidogo kama vya supu, kisha yangu, kisha ya kaka, ya kwake mwisho. Ikatafunika kidogo. Tulikula hivyo, macho kwenye saa yake ya mkononi. Alimaliza sahani yake yote na alichobakiza mama. Alilipa, akampa kijana mkono, akamwambia, "Uliniambia." Saa saba na dakika ishirini tukawasha gari. Tulifika nyumbani saa nane kasoro dakika tano, gari likinuka samaki, naye akalirudisha kwa mwalimu baada ya kuliosha.

Usiku mama alipika changu kwa nazi, tukala na ugali wa yanga. Mimi nilidhani baba ameumia kwa ajili ya pesa. Lakini nikiwa nimelala karibu na mlango nilimsikia akimwambia mama barazani, "Mama watoto, yule ng'ombe huenda nilimleta mimi. Wiki iliyopita tulilala njiani siku mbili, injini mbovu, behewa zima halikupata maji. Nilipiga simu kila stesheni."

Mama hakumjibu. Nilisikia tu akimmiminia chai.

Baba amekwisha kufariki, na ng'ombe wengi siku hizi wanashuka kutoka bara kwa malori. Ninyi mnaowaleta mnada wa Pugu, nawaomba kwa jina la gadi yule: wapeni maji njiani, na wakifika wapumzisheni usiku mzima kabla hamjawapeleka machinjioni.