Nkubu: Safari ya Milimani na Somo la Kukataa



Msafiri atokaye pwani kwenda Meru hubadili gari Nairobi, akapita Thika na Embu, kisha barabara ikaanza kupinda na kuteremka kwenye miguu ya mashariki ya Mlima Kenya. Huvuka mto Thuchi, akapita Chuka, na afikapo daraja la Nithi abiria hunyamaza kila mmoja akivuta uradi wake, kwani kona za hapo zimekwisha watu wengi. Kabla ya kuingia mji wa Meru, huwa amefika Nkubu. Ni mji wa kando ya barabara: maduka, soko lililojaa ndizi na viazi, mahakama, na hospitali kongwe ya misheni ya Kikatoliki. Upande wa juu ni mashamba ya chai, upande wa chini ni mibuni na migomba. Aliyezoea joto la pwani hutafuta shali kabla ya magharibi.

Kwa utulivu wake, mgeni hadhani kwamba vilima hivi vimewahi kuona maelfu ya watu wakiikataa amri ya serikali pasi na kushika silaha. Yafaa habari hiyo isimuliwe majumbani mwetu, maana siku hizi watoto wanatuuliza: je, kupinga kwa amani kunafaa kitu, au ni kujichosha bure?

Aprili 1956, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, liliungwa mkono na maafisa wa kikoloni kupiga marufuku tohara ya wasichana. Walioamua wote walikuwa wanaume. Jawabu likatoka kwa mabinti wenyewe. Walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani, wakatahiriana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuivunja amri ile, na wengine wengi walitozwa faini na wazee bila kufika mahakamani. Mila ikaendelea, amri ndiyo iliyochakaa.

Hebu tutulie hapa, kwa kuwa kisa hiki kina uchungu ndani yake. Mabinti wale hawakumpiga mzee wala kuchoma afisi. Walikataa tu, wengi na kwa pamoja, na serikali yenye askari na jela ikashindwa. Lakini walichokitetea kiliwadhuru wao wenyewe, na damu iliyomwagika ilikuwa yao. Kukataa kwa pamoja ni silaha, na silaha haichagui mkono. Maquraishi nao walitumia silaha ya kususia walipoizingira jamaa ya Mtume (S.A.W.) katika bonde la Abu Talib, wasiwauzie wala wasiolewane nao, kwa muda wa miaka mitatu. Subira ya waliosusiwa ikawa ndefu kuliko hila ya waliosusia.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama njia ina nguvu, bali inatumikia nini. Ukiteremka kutoka Nkubu kuelekea mashariki, hadi nyanda kavu za Tharaka, utapata jawabu la baadaye. Huko Gatunga, mwaka 1996, akina mama wakishirikiana na Maendeleo ya Wanawake walianzisha Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Binti hukaa ndani siku kadhaa, akafundishwa na mama na shangazi mambo ya utu uzima na heshima, kisha akatoka kwa sherehe na zawadi, bila wembe. Mila ilikataliwa na wenyewe, nao wakaweka kitu mahali pake. Mwaka 1998, wanawake 38 katika kila 100 nchini walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Sababu ni nyingi, sheria ya 2011 ikiwemo, lakini penye amri tupu pasipo mashauriano Meru ilikwisha kuona matokeo. Nasi tusijitoe: zipo jamii za Waislamu wa Kenya ambamo mila hii ingali na nguvu.

Nguvu hiyo ya akina mama ilikuwa imekwisha kuonekana Nairobi. Tarehe 28 Februari 1992, mama za wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walianza kufunga kula katika bustani ya Uhuru wakidai wana wao. Siku chache baadaye polisi waliwapiga na kuwatawanya. Wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na hadi mapema 1993 karibu wafungwa wote wakaachiwa. Rungu liliwatoa bustanini. Kuwatoa katika azma yao halikuweza.

Juni 2024, vijana wa miji mingi, Meru na Embu ikiwemo, waliupinga Mswada wa Fedha. Waliusoma, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakawapigia simu wabunge wao, wakatoka siku moja pasipo kiongozi mmoja wa kukamatwa. Tarehe 26 Rais akatangaza kuwa hatautia saini. Hata hivyo, siku iliyotangulia Bunge lilivamiwa na sehemu yake kuchomwa, na kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 39. Mswada ulianguka, na kuna mama ambao wana wao hawakurudi. Ndiyo, njia ya amani hufanya kazi. Lakini asimwambie mtu mwanawe kwamba haina gharama.

Mtoto akiuliza tena, basi, tumwambie ajihoji: ninachokidai ni haki? Nimewashauri wanaoguswa? Nitaweza kusubiri kuliko anayenipinga? Na mkono wangu utabaki safi?

Gari la kurudi huondoka Nkubu asubuhi na mapema, ukungu ungali juu ya chai. Mwenyezi Mungu awalinde wana wetu, na awape ulimi wa kusema haki na moyo wa kusubiri. Amin.