Rangi ya Jahazi la Babu

Marehemu babu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia picha moja tu ya jahazi lake. Ni picha isiyo na rangi, iliyopigwa Lamu mwaka 1968, maji yakiwa yamekupwa na chombo kimeegemea mchangani mbele ya mji. Mwaka jana ami yetu alichonga mfano wake kwa mti wa mwembe, urefu wa shubiri tatu, akatuletea sisi dada watatu tuupake rangi. Alitaka bibi auone kabla mtoto wa jicho hajamfunika macho yote mawili.

Kitu kidogo hakipokei mwanga kama kikubwa. Jahazi la kweli lina kivuli kizito chini ya tumbo lake na weupe wa jua ukingoni. Mfano wa shubiri tatu, ukipakwa rangi tupu, huonekana kama kichezeo cha mtoto. Mpakaji hana budi auchore mwanga wenyewe kwa brashi: rangi iliyokolezwa penye kivuli, iliyotiwa nyeupe penye jua. Kosa likishakauka halitoki ila kwa msasa. Kwa hiyo tuliamua kukosea kwanza kwenye simu.

Tuliupaka mfano mzima kijivu, tukazima taa za chumba, tukawasha moja tu ya mezani, kisha tukaupiga picha. Katika programu ya kuhariri picha tuliongeza tabaka la rangi juu yake, kwa namna inayoacha vivuli vya chini vionekane, mithili ya mtandio mwepesi juu ya kanga. Jioni moja tulijaribu rangi kumi na mbili bila kumwaga hata tone. (Watakaojaribu wauzime kwanza ule mpangilio wa usiku unaotia kioo cha simu umanjano. Sisi tulichagua nyeupe ambayo kulipopambazuka ilikuwa samawati.)

Sehemu ya chini haikuwa na mjadala: nyeupe ya chokaa na shahamu. Jicho la omo lina mwezi na nyota, picha yaonyesha wazi. Mzozo ulikuwa juu ya mkanda wa ubavuni. Ami alishikilia kuwa ulikuwa mwekundu. Tukautia wekundu kwenye simu, tukaondoa rangi zote na kuulinganisha na picha ya babu. Kijivu kilikuwa kile kile! Kwa wiki tatu tuliwatumia jamaa wa Mombasa na Muscat picha ile nyekundu, hata tukaanza kusema kwamba twaukumbuka, ilhali hakuna kati yetu aliyewahi kuliona jahazi lile.

Bibi tulimwekea simu karibu na uso. Alinyamaza kitambo.

"Hiki si chombo cha babu yenu, wajukuu zangu."

Akatueleza kwamba Idi ya mwaka ule alimfulia babu kikoi chenye madoa ya kijani, madoa yasiyotoka mpaka kikoi kikawa tambara la jikoni. Tukautia mkanda kijani, tukaondoa rangi: kijivu kile kile. Nyekundu na kijani zikilingana ukolevu, picha isiyo na rangi haiwezi kuzitofautisha. Tulikuwa tumeiuliza simu swali isilokuwa na jibu lake, nayo ikatuitikia tulivyotaka.

Ami hakuridhika upesi. "Mama, miaka imepita mingi," alianza. Bibi akamwuliza kama ni yeye aliyekifua kikoi. Mwaka ule alikuwa hata chuoni hajaanza.

Kisha likaja suala la mwanga. Tulikuwa tumeupa mfano jua la magharibi, la rangi ya chungwa, kwa kuwa lilipendeza. Bibi akauliza, jua la Lamu lazama wapi? Mji umeelekea mashariki, waitazama Manda. Mpiga picha alisimama upande wa mji, na ubavu uliomwelekea umo kivulini. Basi ilikuwa asubuhi. Tukaihamisha taa nyuma ya mfano, tukaanza upya.

Mkanda wa kijani ulikauka siku ya Ijumaa, umekoza kidogo kuliko kwenye simu, kama zifanyavyo rangi hizi za kuyeyushwa kwa maji. Bibi aliuchukua mfano, akausogeza dirishani, akaugeuza mpaka ubavu ule ukaingia kivulini. Jicho lake la kushoto halioni tena. Aliutazama kwa la kulia. Kisha akauliza henza iko wapi, na ami akatoka kwenda kutafuta uzi.