Gramu 700

Mtoto aliinua kiganja. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko yote: mvulana wa miaka tisa au kumi hivi, kaptura ya shule, fimbo mkono wa kushoto, na kiganja cha kulia amekiinua kunielekea kama trafiki. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanavuka lami kwa ule mwendo wao wa wasiodaiwa na mtu. Breki nilikuwa nimeikanyaga tangu mbali. Gari halikuwa linasimama.

Tulikuwa tumepita Kiabakari, tunaelekea Bunda. Nilimchukua mama nyumbani Butiama alfajiri nimpeleke kliniki ya sukari, na kama kawaida yetu tulichelewa kutoka kwa sababu alikuwa hajamaliza kuwapa kuku maji. Barabarani nikaanza kukimbizana na mchomoko mmoja, Probox iliyojaza abiria hadi kwenye buti. Ilinipita, ikasimama ghafla mbele yangu kushusha mtu, ikanipita tena, ikasimama tena. Mara tatu nilifunga breki kali nyuma yake. Mara ya tatu niliisikia harufu, kama ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko, nikafungua kioo. Usukani ulikuwa unatetemeka kila nikikanyaga, lakini ulikuwa unatetemeka tangu Februari. Nilishauzoea, kama mtu anavyozoea bawaba inayolia.

Mara ya nne ilikuwa ng'ombe. Pedeli ilishuka laini, karibu iguse sakafu. Nikaachia, nikakanyaga tena, nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, nikaelekeza gari kwenye kokoto za pembeni. Tulimpita mtoto kwa umbali ambao sitaki kuutaja. Hakusogea, na mkono hakuushusha. Ndama mmoja aliyekuwa amebaki nyuma ya wenzake aligongwa na bampa mguu wa nyuma, akaanguka, akainuka, akaanguka tena.

Mama hakupiga kelele. Nilipomgeukia, mguu wake wa kulia ulikuwa bado umeukandamiza zulia la gari, na mkanda wa kandambili ulikuwa umekatika.

Mwenye ng'ombe alikuja kwa baiskeli. Mimi nilianza kujieleza kwa Kiswahili changu cha ofisini, mama akaniambia, "Baba, wewe nyamaza kwanza," akamsalimia yule mzee kwa Kizanaki, akamuuliza ya nyumbani kwake, na mazungumzo yakaenda zaidi ya saa moja chini ya mti. Ndama alichinjwa. Nililipa shilingi 350,000 kwa simu. Mzee hakuniuliza kuhusu ndama tena. Alichoniuliza ni kimoja tu: "Huyu mtoto ungemlipa kwa simu ipi?"

Sasa niseme jambo linaloniaibisha. Mimi ni mwalimu wa fizikia. (Kwa kijana wa Butiama neno hilo lina uzito wake; ukisema Mwalimu kule kwetu watu wanaangalia upande wa Mwitongo, alikozikwa yule aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuiongoza nchi. Sisi wengine ni walimu kwa herufi ndogo.) Kila mwaka nawaandikia kidato cha pili ubaoni kwamba nishati ya mwendo ni nusu ya uzito kuzidisha kasi kipeo cha pili. Nawaambia kasi ikiwa mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Wananakili. Nasahihisha. Halafu natoka naingia kwenye Corolla yangu ambayo mwezi wa Januari niliifungia rimu za kung'aa za 480,000 na spika kubwa nyuma, na kwa kuwa hela ilibaki kidogo, nikainunulia pedi za breki za 25,000 kwenye duka ambalo hata jina la aliyezitengeneza halikuwa kwenye boksi.

Usiku ule nilirudi Musoma, nikakaa mezani Nyasho na kalamu. Gari na sisi wawili na mizigo, tuseme kilo 1,300. Kasi ya kilomita 100 kwa saa ni kama mita 28 kila sekunde. Jibu ni jouli laki tano. Namba kubwa haimtishi mtu, kwa hiyo nikaibadilisha kuwa chai: nishati hiyo inachemsha lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 20. Birika zima, ndani ya sekunde nne au tano, na jiko lenyewe ni sahani mbili za chuma nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu gari likifunga breki uzito unalala mbele na breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Na mimi nilikuwa nimechemsha mabirika matatu mfululizo kabla ya ng'ombe.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi, gereji ya chini ya mwembe, jirani na mama mmoja anayeuza dagaa kwa kilo. Nilikwenda na vania kutoka maabara ya shule, ile ya kupimia kipenyo cha gololi kwenye mtihani wa vitendo. Fundi aliicheka, halafu akaipenda.

Gurudumu likatoka, kalipa ikafunguliwa, pedi zikaanguka mkononi. Uso wa kila moja ulikuwa unang'aa kama kioo. "Hii imeungua, mwalimu," akasema, akaikwaruza kwa bisibisi na hakuna kilichotoka. Pedi ikipata joto kuliko iliyotengenezewa, ule mchanganyiko unaoshikilia diski unageuka kuwa gamba gumu linaloteleza. Kisha tukapima diski. Pembeni mwake pamechapwa maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma: MIN TH 20. Chini ya milimita 20, tupa. Vania ilisema 19. Mara mbili nilikuwa nimepeleka diski hizo kwa mchonga vyuma zisawazishwe ili usukani utulie, na kila mara aliondoa kidogo, nami nikalipa kwa furaha.

Nilikuwa nimekwenda na mpango wangu. Kwenye simu nilikuwa na picha za diski zenye matundu, zile unazoziona nyuma ya rimu za magari ya mashindano. Nilimwonyesha fundi, nikamwambia safari hii nataka kitu cha maana. Akaiangalia picha kwa heshima zote, akafuta mikono, akaniomba nimfuate kwa mama wa dagaa.

"Shikamoo mama. Tunaomba mizani."

Akaweka diski yangu kuukuu juu ya mizani, pale pale penye magamba ya dagaa. Kilo 4.3. Akaenda kuchukua diski mpya ya gari la aina hiyo hiyo, ya kawaida, isiyo na tundu hata moja, sahani mbili zenye mapezi na nafasi ya upepo katikati. Kilo 5 kamili.

"Hizo gramu mia saba," akasema, "umeziacha barabarani. Sasa unataka nikuuzie diski yenye matundu, tupunguze nyingine?"

Mama wa dagaa alicheka hadi akashika kiuno.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu, nayo ilimuunga mkono. Chuma kingi kinameza joto lile lile kwa kupanda nyuzi chache. Diski mbili za kilo 5, kila kusimama kutoka 100, zinapanda kama nyuzi 75. Za kilo 4.3, karibu 90. Rudia mara nne bila nafasi ya kupoa uone zinakofika. Matundu yalikuwa na sababu yake zamani, yalitoa gesi iliyotokana na pedi za wakati ule zikipata moto, lakini kwenye gari la kumpeleka mama kliniki ni urembo tu, na nyufa hupenda kuanzia ukingoni mwa tundu. Huo urembo ndio niliokuwa nautaka, sikatai. Hata katika kusimama nilitaka nionekane.

Breki ya diski yenyewe si kitu kipya. Mwingereza Frederick Lanchester aliiandikisha mwaka 1902, na pedi zake zilikuwa za shaba. Vumbi la barabara za enzi hizo lilizimaliza haraka. Nililipenda hilo nilipolisoma. Wazo lilikuwa sahihi, lililolishinda ni vumbi. Ilichukua hadi 1953, Jaguar iliposhinda mashindano ya Le Mans kwa breki za diski, ndipo watengenezaji wengi wakaamini.

Kilichokuwa kimezamisha pedeli kilikuwa kingine tena. Fundi alifungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya karatasi nyeupe, ikatoka rangi ya kahawa. Mafuta haya yanavuta unyevu kutoka hewani, na Musoma, yenye ziwa pande tatu, unyevu haununuliwi. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 230. Yakishakunywa maji, kiwango hushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na mguu unakandamiza mapovu badala ya kukandamiza pedi. Alimwaga yote, akaweka mapya, akanikalisha ndani nikanyage na kuachia, nikanyage na kuachia, huku yeye akitoa upepo gurudumu moja baada ya jingine. "Shikilia. Achia. Shikilia." Tulimaliza jua linazama.

Diski mbili zilikuwa 220,000, pedi za mtengenezaji anayejulikana 95,000, mafuta na ufundi juu yake. Spika niliziuza kwa dereva mmoja wa mchomoko Bunda. Rimu bado ninazo. Hakuna aliyefika bei.

Nilidhani imekwisha. Fundi akasema bado, breki mpya haijui kazi. Jumapili alfajiri tulitoka naye kuelekea Makutano kabla magari hayajawa mengi. Nifike 60, nikanyage kwa nguvu ya wastani hadi 10, nisisimame kabisa, niondoke tena. Mara kumi. Pedi inapakaza utando wake mwembamba juu ya diski, sawasawa pande zote. Ukisimama kabisa ikiwa ya moto inaacha alama sehemu moja, na ile tetemeko ya usukani inarudi. Mara ya sita harufu ilikuja, nikaogopa, mguu ukasita. "Hiyo ndiyo yenyewe," akasema, "endelea." Baadaye tuliendesha taratibu bila kugusa breki hadi vikapoa, yeye akiwa amelala usingizi na mdomo wazi.

Mama alikataa kupanda kwa mwezi mzima. Alipanda mchomoko, gari lile lile la aina niliyokuwa nakimbizana nayo, na sikuwa na la kumwambia. Watu wa Mara wana sababu zao za kuogopa barabara hiyo. Tarehe 5 Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana na gari dogo eneo la Sabasaba, wakafa watu zaidi ya 30, na mama ana majirani wanaohesabu miaka kuanzia siku hiyo.

Kliniki iliyofuata alikubali, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Alikaa nyuma. Tulipopita Kiabakari mvua ilikuwa imekatika na lami inatoa mvuke. Niliwaona ng'ombe mbali, madoa ya kahawia kwenye nyasi, hata hawajafika barabarani. Nikakanyaga. Pedeli ilikuwa juu na ngumu, usukani kimya, gari likainama mbele kidogo na kusimama. Tukakaa. Ng'ombe wakaanza kuvuka, mmoja mmoja, na nyuma yao alitokea mtoto mwenye fimbo. Kutoka pale sikuweza kujua kama ni yule yule.

Mama aliinama mbele kati ya viti viwili, akaangalia barabara, akaniangalia.

"Baba, mbona umesimama huku mbali hivi? Watu watadhani tumeharibikiwa."