Mamba wa Maboko na Mifupa ya Rusinga

Mtu asimamaye gatini Kisumu wakati wa jioni, akatazama Ghuba ya Winam na mitumbwi ya wavuvi na magugu yaeleayo juu ya maji, hudhani ya kuwa ziwa hili lilikuwapo tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Wenye elimu ya miamba wakadiria ya kuwa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, halijapata kutimiza umri wa miaka nusu milioni, tena lilipata kukauka yapata miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa upya. Lakini katika visiwa vyake na pwani zake imo mifupa iliyogeuka mawe, ambayo ni ya kale kuliko ziwa lenyewe kwa miaka mamilioni.

Kisiwa kidogo cha Maboko kimo ndani ya ghuba hiyo hiyo, si mbali sana na Kisumu. Mwaka 1933 Padre W. E. Owen, mmoja wa wakuu wa Kanisa la Anglikana katika nchi iliyoitwa Kavirondo siku hizo, alitambua ya kuwa mawe yake yana mifupa ya wanyama wasioonekana tena duniani. Umri wake ni kama miaka milioni 15. Katika mifupa ya huko wataalamu walimtambua mamba wa ajabu, nao wakampa jina mwaka 2022: Kinyang. Jina hilo ni neno la Waturkana, na maana yake ni mamba tu. Jamaa zake walio hai leo ni mamba wadogo wa misitu ya Afrika ya Magharibi na Kongo, ambao hawafiki futi saba. Bali Kinyang alifika futi kumi na mbili, na pua yake ilikuwa fupi na pana. Yadhaniwa ya kuwa alikaa zaidi katika nchi kavu, chini ya miti, akivizia wanyama wapitao. Nchi ilipozidi kuwa kavu na misitu ikapungua, akatoweka.

Hata hivyo mamba huyo asichanganywe na watambaazi wa zamani za Triasiki. Anayewataka hao hana budi kuondoka pwani ya ziwa na kwenda kusini ya Tanzania, katika bonde la mto Ruhuhu, ambako mawe yana umri wa kama miaka milioni 240. Huko mwaka 1933, mwaka ule ule wa Maboko, Mwingereza mmoja aliokota mifupa ya Teleocrater, mtambaazi mwenye shingo ndefu aendaye kwa miguu minne kama kenge. Mifupa ile ilikaa katika jumba la makumbusho miaka mingi, na mwaka 2017 tu ndipo ilipojulikana rasmi ya kuwa mnyama yule alikuwa wa ukoo mmoja na dinosaria na ndege. Mbele yake Kinyang ni kama mtoto wa juzi.

Msafiri aendaye Rusinga hushika njia mpaka Luanda Kotieno, akavuka kwa feri hadi Mbita, kisha akaingia kisiwani kwa daraja. Mbele yake husimama vilima vikavu, vyenye mawe mengi na miti michache. Zamani hizo, kama miaka milioni 18 iliyopita, palikuwa na mlima wa moto uitwao Kisingiri, na majivu yake yalikuwa na chokaa nyingi. Yaliangukia kila kitu kwa upole, yakaganda upesi. Ndiyo sababu Rusinga haikuhifadhi mifupa mikubwa tu, bali pia matunda, mbegu, wadudu, hata kichwa cha mjusi. Mahali pa namna hiyo ni pachache duniani.

Tarehe 2 Oktoba 1948 Dkt. Louis Leakey alikuwa kisiwani humo akichimbua mifupa ya mamba. Mkewe, Bibi Mary, hakuwapenda mamba hata kidogo, wazima wala waliogeuka mawe, basi akaenda zake kutafuta mahali pengine. Akaona jino likichungulia katika mteremko. Lilikuwa la fuvu la kima mkubwa asiye na mkia, lililovunjika vipande vingi, naye akaviunganisha kimoja kimoja. Fuvu lilipelekwa Uingereza likachunguzwe, na baadaye likarudi Nairobi. Mwaka 1993 aina mojawapo ya kima hao ikaitwa heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, msaidizi wa Leakey kwa miaka mingi; na tangu mwaka 2015 kabila lao lote huitwa Ekembo, neno la Kisuba la nyani. Ni haki kabisa, kwa kuwa Wasuba ndio wenyeji wa hapo.

Jina jingine lina kichekesho kidogo. Karibu na Muhoroni, mashariki ya Kisumu, lilichimbuliwa taya la mnyama mla nyama mkubwa kuliko simba yeyote, akapewa jina Simbakubwa mwaka 2019. Mwalimu wa Kiswahili angemsahihisha kwa wino mwekundu, maana si simba mkubwa tu alivyopaswa kuitwa, bali hakuwa simba kamwe.

Mwaka 2014 ilitangazwa ya kuwa mashina ya miti yalionekana Rusinga katika udongo ule ule wenye mifupa ya Ekembo. Nao ulikuwa msitu mzito, matawi yakigusana. Leo mvua ikinyesha juu ya vilima vilivyo uchi, maji huteremka na udongo wa mashamba hadi ziwani. Mvua hiyo hiyo ndiyo iifunuayo mifupa, na isipoonwa mapema na macho yaijuayo, huiponda na kuichukua pia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yakataza kuiondoa bila ruhusa, kwa kuwa mfupa uliokwisha kutolewa mahali pake hausemi tena ulilala katika tabaka gani, wala na nani. Sheria hiyo haiwezi kuyazuia maji, nayo huja kila masika.