Gari Lililosimama Halipumziki

Sajini mmoja wa jeshi la Uganda alipopangiwa kwenda kulinda amani Somalia, ambako majeshi ya nchi yake yalianza kupelekwa mwaka 2007, aliliosha gari lake, akalifunika turubai na kumkabidhi mkewe ufunguo. Aliondoka akiamini kwamba chombo kisichotumika hakiharibiki.

Mwezi wa tatu, usiku wa manane, mtoto wao alishikwa na homa kali. Mama alimfunga mgongoni, akaingia garini na kuzungusha ufunguo. Gari halikuitika. Majirani waliamka, wakasukuma wee, wasifanikiwe. Mtoto alifikishwa hospitali kwa pikipiki, akapona. Lakini saa nzima ilikwisha kupotea.

Hapakuwa na mwizi. Betri ya gari ina vyumba sita vya sahani za risasi zilizozama katika tindikali. Injini ikizimwa, saa, redio na king'ora cha wizi huendelea kuinyonya. Miliampea 50 tu, usiku na mchana, ni sawa na ampea-saa 1.2 kwa siku. Kwa kiasi hicho betri ya ampea-saa 45 haifikishi siku 40. Joto nalo huizidishia kupungua yenyewe. Ikikaa tupu kwa muda mrefu, sahani hushikwa na ukoko mgumu wa salfati, na hata ikichajiwa haihifadhi tena umeme kama zamani.

Kinga yake ni spana. Injini ikiwa imezimwa, waya wa hasi hufunguliwa na kusogezwa kando. Ikibidi kutoa nyaya zote mbili, hasi hutangulia kutolewa na huwa ya mwisho kurudishwa. La sivyo, spana iliyo kwenye chanya ikigusa bodi la gari, cheche huruka. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili betri ipimwe. Iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.6 hivi, ikishuka hadi 12.4, ichajiwe. Wakati wa kuchaji hutoa gesi iwakayo, kwa hiyo sigara na kibatari vikae mbali. Kuwasha injini kwa dakika tano na kuizima hakutoshi kuijaza betri iliyopungua.

Sajini alipokuja likizo, mkewe alimwambia neno moja: "Baba, uliniachia ufunguo, hukuniachia ujuzi."

Hakujibu. Askari hufundishwa kusafisha bunduki hata siku isiyo na vita, naye hakuwahi kufikiri kwamba gari la nyumbani lina haki hiyo. Jioni ile walifungua boneti pamoja. Mama alifungua waya na kuufunga tena mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa gizani, kwa mwanga wa tochi.

Sajini aliporudi kazini, spana ilibaki ikining'inia mlangoni, kwenye msumari mmoja na ufunguo.